Nyama choma Babati: Mambo 7 ya kuangalia kabla ya kuagiza kilo

Babati ni mji wa njia panda. Anayetoka Arusha hufika hapa baada ya kilomita kama 170, kisha anachagua njia: Singida, au Kondoa hadi Dodoma. Tangu barabara ya lami ya Dodoma–Babati yenye kilomita 251 ifunguliwe rasmi mwaka 2018, magari ni mengi, na majiko ya nyama nayo hayapoi.

Nyama yenyewe haijatoka mbali. Manyara ni mkoa wa mifugo: Wairaqw, Wagorowa, Wabarbaig na Wamaasai wote wanafuga. Shida ya mgeni siyo kukosa nyama, ni kujua akae wapi. Harufu nzuri ya moshi haimwambii mtu kama nyama ilipimwa, kama kilo ni kilo kweli, wala kama itaiva kabla basi halijaondoka.

Haya hapa mambo saba ya kuangalia.

1. Anzia buchani, siyo jikoni

Sehemu nyingi za choma zina bucha yake hapo hapo, au zinachukua nyama bucha ya jirani. Mteja aende akaione ikiwa mbichi. Nyama ya leo ina rangi nyekundu inayong'aa, haitelezi mkononi na haina harufu kali. Ikiwa imeanza kuwa ya kijani au inanata, asiipokee hata kama mchomaji anasema "pilipili itaimaliza".

Ukiona nyama imeshakatwakatwa na kulowekwa kwenye viungo vizito tangu asubuhi, uliza kwanza. Viungo vinaficha harufu.

2. Tafuta mhuri

Nyama iliyopita machinjioni hukaguliwa na mtaalamu wa mifugo na kupigwa mhuri. Muuzaji anayejiamini hukuonyesha bila kununa.

Jambo hili siyo la kujionyesha mjuaji. Homa ya Bonde la Ufa ya mwaka 2006–2007 iliua watu zaidi ya 100 Tanzania, na moja ya njia zake ni kugusa damu na nyama ya mnyama mgonjwa. Kimeta nacho hutoka kwa mifugo kwenda kwa binadamu. Mnyama aliyekufa mwenyewe, akauzwa kwa bei ya kutupa, hana mhuri. Bei ikiwa chini kuliko mtaa mzima, hapo kuna swali.

3. Mizani ionekane

Nyama ipimwe mbele ya mteja, ikiwa mbichi. Wakala wa Vipimo huhakiki mizani za biashara kila mwaka na kuziwekea alama, kwa hiyo angalia alama hiyo na uhakikishe mshale unaanzia sifuri.

Pia tusilaumu bure. Nyama ikichomwa hupoteza maji na mafuta, mara nyingi robo hadi theluthi ya uzito wake. Kilo moja mbichi ikirudi kwenye sinia ikiwa kama gramu 700, hapo hakuna wizi. Ikirudi nusu, mteja ana haki ya kuuliza.

Bei nayo ikubaliwe mapema: je, kuchoma kumo ndani ya bei ya kilo? Ndizi, ugali na kachumbari vinalipiwa pembeni? Ugomvi mwingi wa mezani huanzia hapa.

4. Chagua kipande kwa jina

Ukisema tu "nipe kilo ya mbuzi", utapewa kilichobaki. Mbavu za mbuzi zina mafuta, huiva upesi na ni tamu, ila mifupa ni mingi. Paja lina nyama nyingi, lakini linataka moto wa taratibu. Kwa ng'ombe, steki haina mfupa lakini hukauka haraka ikiachwa motoni. Nundu ni ya wapenda mafuta.

Watu wanne wakichukua kilo moja ya mbavu, watalalamika. Wakichukua paja na ndizi za kutosha, watashiba.

5. Hesabu muda

Hapa ndipo wasafiri wanapoumia. Nyama mbichi ya mfupa inahitaji dakika 40 hadi saa nzima kwenye mkaa. Basi likisimama dakika 20, mteja anayeagiza paja anaagiza ama nyama mbichi ama kuachwa na gari. Mwenye haraka achukue mishikaki inayotoka motoni wakati huo huo, au apige simu mapema kama anamfahamu mchomaji.

Asikubali nyama iliyoiva saa nyingi zilizopita na kukaa kwenye beseni. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili bila kuwekwa kwenye moto au ubaridi, na nyama ifike nyuzi joto 70 hadi ndani. Bila kipimajoto, kata karibu na mfupa: maji yakitoka mekundu, irudishwe jikoni.

6. Angalia koleo na gogo

Kosa dogo linaloharibu kazi nzuri ni koleo moja, kisu kimoja na gogo moja kwa nyama mbichi na iliyoiva. Vijidudu vilivyokufa motoni vinarudishwa wakati wa kukatakata.

Japani wamejifunza hili kwa uchungu. Kule mteja huchoma mwenyewe vipande vyembamba mezani, mtindo unaoitwa yakiniku. Mwaka 2011 watu watano walifariki baada ya kula nyama mbichi ya ng'ombe kwenye migahawa ya aina hiyo, na Julai 2012 serikali ikapiga marufuku kuuza maini mabichi ya ng'ombe. Tangu hapo msisitizo ni ule ule: koleo la mbichi lisiguse iliyoiva.

7. Kitimoto na mikono safi

Kwa wanaokula nguruwe, suala la kuiva halina mjadala. Utafiti uliofanyika vijijini Mbulu, mkoa huu huu wa Manyara, mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuta takriban nguruwe 17 kati ya kila 100 wana dalili za mabuu ya tegu. Nyama yenye tatizo huonyesha vifuko vyeupe kama punje za mchele. Ukiviona, ondoka.

Kuna jambo wengi hawalijui. Kula nyama yenye mabuu bila kuiva vizuri kunampa mtu mnyoo tumboni. Lakini ugonjwa unaofika kwenye ubongo na kuleta kifafa hutokana na kumeza mayai ya mnyoo huo, yanayotoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu. Kwa hiyo hata asiyegusa nguruwe yuko hatarini kupitia kachumbari isiyooshwa na mikono michafu. Sehemu isiyo na maji yanayotiririka, sabuni na choo safi, ipite hata kama nyama yake inasifiwa mji mzima.

Kwa Waislamu, swali ni mawili: nani alichinja, na je, jiko na visu vinatumika pia kwa kitimoto? Mwenye sehemu nzuri hujibu bila kuzunguka.

Kwa kifupi

Tembea majiko mawili matatu kabla ya kukaa. Ona nyama mbichi, ona mhuri, ona mizani, ulizia bei yote na muda. Dakika tano za maswali ni ndefu ukiwa na njaa, lakini siku tatu za kuharisha ukiwa safarini ni ndefu zaidi.