Besi Isiyokuwepo

Uzi mnene kuliko zote kwenye gitaa la besi, ukipigwa wazi, hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde. Spika ya redio ndogo ya mawe mawili, yenye upana wa kiganja, haiwezi kutoa mtetemo huo. Haiukaribii hata. Ukishuka chini ya mitetemo 200 au 150 kwa sekunde, karatasi ya spika inashindwa kusukuma hewa ya kutosha na sauti inafifia. Na bado watu wa Ikutha, Mutomo na Kibwezi walicheza benga ya Kikamba kwa redio za namna hiyo miaka nenda miaka rudi, wakikanyaga chini pale pale besi inapodunda. Sasa walikuwa wanakanyagia nini?

Nauliza kwa sababu siku hizi kijana akitafuta hedifoni za maana, swali la kwanza kwa mwenye duka ni moja: ziko na besi? Mwenye duka anajibu ziko nayo, tena nzito, na kwenye boksi pameandikwa besi ya nguvu na sauti safi, vyote viwili kwenye mstari mmoja kama chai na mandazi. Lakini ahadi hizo mbili zina historia tofauti, na kwa muda mrefu hazikuwa zinaongea.

Hedifoni zilizaliwa kwa ajili ya maneno. Waliozivaa kwanza ni wafanyakazi wa simu waliounganisha waya siku nzima, kisha watu wa redio za melini. Mwaka 1910 Nathaniel Baldwin, wa jimbo la Utah, aliuzia jeshi la majini la Marekani vifaa alivyokuwa anaviunda jikoni kwake. Jeshi halikuwa na haja ya ngoma. Lilitaka kusikia alama za Morse katikati ya kelele za baharini. Simu nazo, hadi kizazi chetu, zilipitisha mitetemo ya kuanzia 300 hadi 3,400 kwa sekunde tu, kwa sababu hapo ndipo maneno yanapoeleweka. Kilicho juu na kilicho chini kikatupwa, kwani kupitisha sauti ni gharama. Mwaka 1937 Eugen Beyer wa Berlin alitoa DT 48, hedifoni zenye koili inayosogea kama spika ya kawaida, na kimsingi nyingi za leo bado zinafanya kazi hivyo hivyo. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, Wakamba waliandikishwa kwa wingi katika KAR. Mkamba aliyepewa kazi ya redio jeshini alivaa hedifoni, bila shaka, ila zilimletea amri.

Angalia hiyo simu tena. Sauti ya mwanamume mzima huanzia kwenye mitetemo 100 hivi kwa sekunde. Simu inaanza kupitisha kwenye 300. Kwa hesabu, basi, baba yako akikupigia kwa simu ya waya unapaswa kumsikia kama mtoto. Humsikii hivyo. Unamsikia baba, na kifua chake.

Siri ni hii: hakuna uzi wala koo linalotoa mtetemo mmoja peke yake. Uzi wa 41 hutoa pia 82, 123, 164, 205 na kuendelea. Spika ndogo ikipoteza wale wa chini, walio juu wanabaki, na wameachana kwa hatua ya 41, 41, 41. Ubongo unaiona hatua hiyo na kuujaza msingi uliokosekana. Mjerumani August Seebeck alianza kulipigia kelele jambo hili katika miaka ya 1840, na mwaka 1940 J. F. Schouten alilichunguza upya akiwa maabara ya Philips kule Eindhoven. Philips, ndiyo, hao hao wa redio.

Kwa hiyo besi ya wazee wetu ilikuwepo. Ilikuwa inapigwa ndani ya vichwa vyao.

Nairobi ya miaka ya 1970 ilikuwa jiji la santuri. Maduka na maproducer walijaa River Road, na kutoka huko zikatoka santuri ndogo za 45 ambazo wimbo wake hukatwa vipande viwili: hadithi upande wa kwanza, magitaa yakafunguliwa upande wa pili. Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, Peter Mwambi na Kyanganga Boys, Onesmus Musyoki na Kalambya Boys. Hii ni muziki ambao gitaa la besi halijifichi nyuma. Linatembea mbele, linaongea na gitaa la solo kama watu wawili wanaorudi kutoka soko. Kakai alifariki 1987 na mpaka leo ukiweka wimbo wake kwenye harusi, meza zinabaki na makoti peke yake.

Lakini hebu fuatilia safari ya besi hiyo kutoka studio hadi Ikutha. Kwanza inakatwa kwenye santuri, na mtetemo mnene hutaka mfereji mpana, sindano isije ikaruka. Ndiyo maana tangu katikati ya miaka ya 1950 dunia ilikubaliana besi ipunguzwe wakati wa kukata, kisha mashine ya kupigia iirudishe. Inafika Sauti ya Kenya, inarushwa kwa masafa ya kati au mafupi, ambayo nayo yanakata sauti nyembamba za juu. Inavuka Athi, inaingia kwenye redio iliyo dirishani, na ile spika ya kiganja inamalizia kazi upande wa chini. Kinachobaki ni katikati: gitaa la solo na waimbaji. Katelina ya Kalambya Sisters, iliyotamba mwanzoni mwa miaka ya 1980 hata kwa wasiojua Kikamba, ina sauti za wasichana nyembamba kama sindano. Mimi huwa nawaza kwamba sauti hizo zilipenya redio mbovu kuliko sauti nyingine yoyote ya wakati huo. Ni wazo langu tu, lakini zisikilize kwenye spika ya simu ya bei rahisi uone kama kuna neno litakalopotea.

Na watu hawakukaa tu wakisubiri ubongo uwajazie. Vijijini spika ilitolewa kwenye redio ikawekwa mdomoni mwa mtungi. Ukishawahi kupuliza shingo ya chupa unajua kwa nini: hewa iliyo ndani ya chombo ina mtetemo wake, na kadiri tumbo linavyokuwa kubwa ndivyo sauti inavyoshuka. Hermann von Helmholtz aliyaeleza hayo kwenye kitabu chake cha 1863. Mwenye mtungi hakumhitaji. Alikuwa anajua besi inavyotakiwa iwe, kwa sababu ameshasimama karibu na ngoma za kilumi, zile zinazopigwa na kina mama na nyanya zetu hadi mapepo yapande. Besi ya kilumi haisikiki masikioni kwanza. Inaanzia tumboni. Anayesema vijana wa siku hizi ndio walioleta ugonjwa wa besi hajawahi kusimama hapo.

Huko nje, hedifoni zilikuwa zimeanza kuacha kazi ya maneno. Mwaka 1958 John Koss wa Milwaukee alionyesha hedifoni za stereo za kusikilizia muziki. Mwaka 1968 Sennheiser wakatoa HD 414, nyepesi, zenye sponji ya manjano na mgongo wazi, hewa inapita. Julai 1979 Sony wakauza Walkman ya kwanza pale Japani, na muziki ukaanza kutembea na mtu mmoja mmoja. Sisi huku tulikuwa na njia nyingine ya kutembea na muziki: matatu. Matatu ndiyo shule iliyotufundisha kwamba besi ni kitu cha kukaliwa. Unakaa kiti cha nyuma, spika ziko chini ya makalio, unafika unakoenda meno yakiwa bado yanacheza. Kelele zilizidi mpaka kanuni za NEMA za 2009 zikataja mtetemo uliopita kiasi pamoja na kelele, yaani serikali yenyewe ilikiri kwamba kuna sauti inayopiga mwili.

Halafu 2008 wakaja Beats, za Dr. Dre na Jimmy Iovine. Waliochambua sauti kwa mashine walizicheka zile za kwanza, wakasema besi imemwagwa kama sukari kwenye uji. Waliocheka walikuwa na hoja, lakini nafikiri hawakuelewa walichokuwa wanakitazama. Kijana aliyelelewa na klabu, na gari, au na matatu, anaponunua kitu cha masikioni anataka kurudishiwa mwili wake. Mwaka 2014 Apple waliinunua kampuni hiyo kwa dola bilioni 3, na tangu hapo kila boksi likajua cha kuandika.

Shida iko hapa. Sauti nene zikizidi huzifunika zilizo juu yake. Sikio limeumbwa hivyo. Na hapo mimi naongea kama mtu wa kazi. Chuo niliacha kabla ya kumaliza, mimi na karo tulishindwana, na sasa sehemu kubwa ya unga wangu inatoka kwenye kusikiliza mahojiano ya watu na kuyaandika neno kwa neno, nikilipwa kwa dakika. Mzee anazungumza juu ya shamba, upepo unavuma kwenye maiki, kuku wanapita. Alisema alipata miti au alikata miti? Kwa kesi ya shamba, hayo ni maisha mawili tofauti. Tofauti ya p na k ni mlipuko mdogo mno, uko juu kabisa kwa mitetemo elfu kadhaa, na hedifoni za besi ya kumwaga zinaumeza kama hazijaona kitu.

Lakini dawa yake haikuwa kuiondoa besi. Kuanzia 2012 hivi, Sean Olive na wenzake pale Harman waliwavalisha watu wa umri na nchi mbalimbali hedifoni na kuwauliza wanapenda zipi. Wengi walichagua sauti inayofanana na spika nzuri ndani ya chumba kizuri, na chumba kizuri huongeza besi kidogo. Kidogo. Walikuwepo waliotaka zaidi, wengi wao vijana wa kiume (najua, najua), na waliotaka pungufu. Hata hivyo kwa wengi besi ya kutosha na maneno ya wazi vilikaa nyumba moja bila ugomvi, mradi ile besi isivuke mpaka wake ikaingia kwenye sauti za watu.

Kwa hiyo ukienda Luthuli Avenue na pesa ulizodunduliza kwa mwaka, beba wimbo mmoja unaoujua kama njia ya kwenu. Mimi hubeba benga. Sikiliza kama besi ni noti, yaani inapanda na kushuka na unaweza kuiimba, au ni kishindo kimoja kinachorudiwa. Kishindo usilipie. Fananisha pea mbili zikiwa na nguvu sawa, kwa sababu sikio huongezewa besi kila sauti inapopandishwa, jambo ambalo Fletcher na Munson walilipima tangu 1933 na wauzaji wanalijua bila kusoma: ile wanayotaka kuiuza huipandisha kidogo. Bonyeza mito ya masikio kwa vidole. Besi ikirudi ghafla, mito haizibi na hewa inavuja. Miwani na rasta huleta shida hiyo hiyo. Zenye mgongo wazi, kama HD 600 ya 1997, zina usafi wa ajabu, ila ndani ya matatu ya Kibwezi hutasikia kitu na jirani atasikia vyote. Za bluetooth ni raha mpaka upigiwe simu ya kazi. Maiki yake ikiwaka, sauti ya nyingi hushuka hadi ile ya simu ya zamani. Waya hauhitaji chaji, na kwa nyumba ya sola hilo si jambo dogo wiki ya mawingu. Kisha punguza sauti. Shirika la Afya Duniani linakubali desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukizidi hapo unaanza kulipa kwa zile sauti nyembamba, na hazirudishwi. Mimi nikizipoteza sina kazi.

Pea yangu sasa ni ya studio, ya waya, imefungwa nyuma, haina jina la kujivunia stendi. Siku moja nilimvalisha mzee mmoja wa soko la Ikutha aliyewahi kuwa na santuri sanduku zima, nikamwekea Kilimambogo Brothers. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameangalia chini. Akazivua, akasema, "Huyu wa besi alikuwa anafanya mambo haya yote?" Nikamuuliza ni nani huyo. Wa solo aliwajua, aliwataja kwa majina na vijiji. Wa besi akanyamaza kidogo, akaniambia nijaribu kuuliza watu wa Mutomo.

Lebo za 45 huandika bendi, wimbo na aliyeutunga. Mpiga besi hayumo. Kwa redio zilizokuwepo, ni wachache walioweza kumfuata noti kwa noti na kutaka kujua anaitwa nani, na waliosimama naye jukwaani wanazeeka. Nina daftari lenye majina manne mpaka sasa, mawili yakiwa na alama ya kuuliza. Ijumaa napanda matatu ya Mutomo, na hedifoni zinaenda nami, kwa sababu nimegundua mtu hakumbuki jina mpaka asikie vidole vyenyewe.