Spika za kusimama: Yampasayo mnunuzi kuyajua kabla ya kwenda Luthuli

YEYOTE aliyewahi kupita katika barabara ya Luthuli, katikati ya jiji la Nairobi, anaijua hali yake: kila duka limejaza maboksi hadi mlangoni, na kila duka linacheza wimbo wake. Barabara hiyo ilikarabatiwa mwaka 2019, magari yakatakiwa kuelekea upande mmoja na waendao kwa miguu wakapanuliwa njia, lakini biashara yake haikubadilika. Ndiko mkazi wa Kangemi, Kawangware au Uthiru aendako anapotaka spika kwa bei anayoimudu. Ndiko pia akiba ya miezi kadhaa huweza kupotea kwa dakika kumi, kwa kuwa mnunuzi hulipia tarakimu zilizochapishwa kwenye boksi badala ya sauti.

Makala haya yanahusu spika za kusimama, yaani zile ndefu ambazo huwekwa sakafuni mbili mbili, moja kushoto na nyingine kulia. Zisichanganywe na mitambo ambayo Wakenya huiita wufa: boksi moja la besi lililo na amplifaya ndani yake, pamoja na spika ndogo za kuzungushia. Spika za kusimama kwa kawaida hazina amplifaya. Mwenye kuzinunua sharti awe nayo, au aitengee pesa. Kuna wanaogundua jambo hilo wakiwa wamekwisha kushuka matatu kwa shida na maboksi mawili yenye kimo cha mtoto.

Mbona basi mtu ajitaabishe, ilhali wufa ni rahisi na inauzwa kila mahali? Jibu liko katikati ya sauti. Sikio la binadamu husikia kati ya hezi 20 na hezi 20,000, na uimbaji pamoja na magitaa hukaa sehemu ya kati. Spika ndogo za wufa hazifiki chini vya kutosha, na boksi la besi halipandi juu vizuri. Pengo hubaki mahali hasa alipo mwimbaji. Spika ndefu nzuri huziba pengo hilo kwa sababu boksi lake lina nafasi ya koni kubwa na hewa ya kutosha.

Tarakimu za boksini

Tarakimu ya kwanza kupuuzwa ni ile ya PMPO. Haina kipimo kimoja kilichokubaliwa, hivyo mtengenezaji huweza kuandika wati 5,000 au 12,000 apendavyo. Geuza mtambo, usome kibandiko kilicho karibu na waya wa stima. Ikiwa kimeandikwa kwamba unatumia wati 60, hauwezi kumpa msikilizaji maelfu ya wati. Hakuna mtambo utoao kwa mfululizo nguvu nyingi kuliko inayoingia. Kipimo cha kuulizia ni RMS, ambacho hueleza nguvu ambayo amplifaya huweza kuitoa bila kuchoka.

Tena wati zenyewe si muhimu kama wauzaji wanavyodai. Chukua mfano wa Sony SS-CS3, spika ya kusimama ya bei ya kadiri iliyotolewa mwaka 2014. Inapewa desibeli 88, yaani ikilishwa wati moja, mtu aliye umbali wa mita moja hupata kiwango hicho. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Kwa hivyo wati moja tu, hata kwa mtu aliyeketi kochini mita tatu kutoka hapo, ni muziki wa kutosha kumfanya mke aulize kuna nini. Ukizidisha wati maradufu huongezi ila desibeli 3. Amplifaya ya kweli ya wati 40 au 50 kila upande inatosha sebule nyingi za Nairobi, na kinachoharibu spika mara nyingi si wati kuzidi bali amplifaya dhaifu iliyofunguliwa hadi mwisho. Sauti yake hukatika kileleni, na wa kwanza kuungua ni twita, ile koni ndogo ya sauti nyembamba.

Kingine cha kusoma ni omu. Spika ya omu 4 hudai mkondo mwingi zaidi kuliko ya omu 8. Amplifaya iliyoandikwa nyuma kwamba inafaa omu 8 pekee itapata moto ikiunganishwa na ya omu 4.

Koni si idadi

Mwandishi wa makala haya aliwahi kununua katikati ya jiji jozi iliyokuwa na koni tatu kubwa kila upande, akafika nyumbani akatoa kitambaa cha mbele na kukuta mbili kati ya hizo ni plastiki iliyogandishwa kwa gundi. Ilikuwa mapambo matupu. Muuzaji, ambaye hatatajwa, alisema bidhaa ikitoka hairudi.

Ni haki kuongeza kwamba si kila koni isiyo na waya ni udanganyifu. Polk T50 ya Marekani, ambayo ni spika ya bei nafuu yenye sifa, huonyesha koni tatu za inchi 6.5, lakini moja tu ndiyo inayosukumwa na stima. Mbili nyingine husukumwa na hewa ya ndani ya boksi ili kuongeza besi. Tofauti ni kwamba koni hizo hutembea. Weka kidole kwa wepesi muziki ukicheza: koni ya kweli hutetemeka, ya mapambo hukaa kimya kama ukuta.

Kibandiko cha Shirika la Viwango (KEBS) kitafutwe, ila hakisemi lolote kuhusu utamu wa sauti. Chenye msaada zaidi ni risiti. Sheria ya Kulinda Wateja ya mwaka 2012 huhesabu madai ya uongo kuhusu uwezo wa bidhaa kuwa biashara isiyo ya haki. Mwombe muuzaji aandike kwenye risiti wati za RMS na jina kamili la modeli. Akisitasita, umekwisha kupata jibu.

Masikio yawe hakimu

Usikubali kusikilizishwa wimbo wa dukani. Nyimbo hizo huchaguliwa kwa kuwa zina besi nzito na kelele za juu, na hata spika duni huzibeba. Nenda na nyimbo zako unazozijua kwa moyo. Benga ni mtihani mkali: katika rekodi za D.O. Misiani na Shirati Jazz gitaa la besi hukimbia bila kupumzika, na spika mbovu huzigeuza noti zake kuwa mvumo mmoja. Nyatiti ya Ayub Ogada itakuonyesha kama nyuzi nane zinasikika moja moja. Rumba ya Super Mazembe, waliohamia Nairobi katika miaka ya sabini, hupima kama magitaa mawili yanatengana ama yanabanana. Tumia pia sauti ya mtangazaji wa redio. Kila mtu anajua binadamu anavyosema, na spika ikimfanya aonekane anaongea ndani ya pipa, iache.

Sikiliza kwa sauti ya chini kwanza. Muuzaji atapandisha, mwombe ateremshe. Unapolinganisha jozi mbili, ile inayolia kwa nguvu zaidi hata kidogo huonekana bora, ingawa huenda si bora.

Chumba nacho ni spika

Mawimbi ya sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Chumba cha urefu wa mita 4 hukuza sauti za hezi 43 hivi, na uzi mnene wa gitaa la besi ni hezi 41. Ndiyo maana spika iliyosifiwa dukani huvuma vibaya katika nyumba ya kupanga ya Kileleshwa yenye vigae sakafuni na kuta tupu za saruji. Isogeze mbali na pembe, hasa ikiwa tundu lake la hewa liko nyuma, tandika zulia, weka pazia zito. Katika nyumba ya mabati, besi hupenya ovyo na mabati hulia, hivyo spika ndefu huenda ikawa gharama ya bure. Jozi ndogo juu ya stuli ingefaa zaidi.

Jirani naye asisahaulike. Kanuni za NEMA za mwaka 2009 huweka kiwango cha desibeli 35 usiku katika mitaa ya makazi.

Zilizotumika

Bei ikiwa kikwazo, jozi ya zamani iliyotunzwa huweza kuipiku mpya ya bei sawa. Kenyatta Market, palipo maarufu kwa nyama choma na ususi, pamejulikana pia kwa sahani za santuri na mashine za kuzichezea. Kagua ukingo wa koni: wa sponji huoza baada ya miaka 15 au 20, wa mpira hudumu. Sukuma koni taratibu kwa vidole viwili. Ikikwaruza, koili imepinda. Beba betri ya volti 1.5 na vipande vya waya: ukigusisha mara moja, koni nzima huruka kidogo na kutoa sauti.

Amplifaya za mtumba zahitaji tahadhari nyingine. Za Japani hutumia volti 100 na za Marekani 120, ilhali stima yetu ni volti 240. Bila transfoma, itavuta moshi siku ya kwanza. Kuhusu nyaya, waya wa kawaida wa shaba wa milimita mraba 1.5 anaouza fundi wa stima watosha kwa mita tano. Kwangua ncha, ikiwa nyeupe ndani ni aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba.