Pasheni nyumbani: Jinsi ya kujenga kichanja kisichoanguka mmea ukizaa

Mche wa pasheni unapotoka kitaluni una urefu wa futi moja tu, na kijiti kimoja kinatosha kuushikilia. Mwaka mmoja baadaye mmea huohuo umeshakuwa pazia zito la majani, matawi na matunda, na siku ya mvua yenye upepo unaweza kulaza chini nguzo zilizoonekana imara.

Kichanja kikianguka wakati mmea umezaa, hasara yake si ya nguzo. Matawi ya pasheni yakishasokotana na waya hayanyanyuliki bila kukatika, na mara nyingi msimu mzima huishia hapo. Ndiyo maana kichanja hujengwa kabla ya kupanda, na hujengwa kwa kufikiria uzito wa mwaka kesho, si wa leo.

Maelezo haya ni ya kichanja cha safu moja yenye urefu wa mita 6, kinachotosha mimea miwili ya pasheni kwenye bustani ya nyumbani.

Aina mbili za pasheni

Pasheni, ambayo sehemu nyingine huitwa karakara, asili yake ni Amerika Kusini. Zipo aina mbili zinazojulikana zaidi.

Ya zambarau hupenda nyanda za juu zenye ubaridi kiasi, kuanzia kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Ya manjano huvumilia joto na hustawi Pwani na maeneo ya chini. Matunda yake ni makubwa zaidi, na mmea wenyewe hukua kwa nguvu zaidi, hivyo kichanja chake kisifanyiwe ubahili.

Zote mbili hazina shina la kusimama lenyewe. Hupanda kwa vikono vyembamba vinavyojisokota kwenye chochote kilicho karibu, iwe waya, mti au nguo iliyoanikwa.

Kwa nini zisiachwe tu zipande kwenye mwembe au ukuta? Zitapanda, na zinaweza kuzaa. Tatizo ni kwamba mtu hafikii matawi ya kupogoa, haoni wadudu mapema, na majani yakibanana bila hewa magonjwa ya ukungu huenea haraka.

Kwa nini vichanja vingi huanguka

Wengi hudhani kichanja huanguka kwa sababu waya ni mwembamba. Mara nyingi waya hauna kosa. Kinachoshindwa ni nguzo za mwisho.

Angalia kamba ya kuanikia nguo. Ukitundika blanketi lililolowa katikati, kamba inabonyea kidogo tu, lakini nguzo mbili za pembeni zinavutwa kuelekeana. Kamba ikiwa imekazwa sana, nguvu ya kuvuta nguzo inakuwa kubwa kuliko uzito wa blanketi lenyewe.

Pasheni hufanya vivyo hivyo, ila yenyewe haianuliwi jioni. Mmea wenye matunda 100 ya gramu 70 umebeba kilo 7 za matunda peke yake. Ongeza matawi, majani na maji ya mvua yaliyonata kwenye majani hayo, kisha upepo usukume.

Kwa hiyo nguzo ya katikati inaweza kuwa ya kawaida. Nguzo mbili za mwisho ndizo zinazohitaji unene, kina na kamba ya kuzivuta upande wa nje.

Vifaa vinavyohitajika

• Nguzo 2 nene za mwisho, urefu wa mita 2.4 na unene wa sentimita 10 au zaidi
• Nguzo 1 ya katikati, urefu huohuo, unene wa sentimita 7 hadi 8
• Waya wa mabati wa geji 12 au 14, kama mita 18
• Vigingi 2 vya mti mgumu au chuma, urefu usiopungua sentimita 70
• Misumari ya U ya kushikia waya
• Kamba ya katani
• Jembe, mtaimbo, nyundo, plaizi na futi ya kupimia

Kwenye waya, namba ya geji ikiwa ndogo waya unakuwa mnene zaidi. Geji 12 ni mnene kuliko geji 14. Waya mwembamba wa kufungia nondo haufai kwa kazi hii, kwani hushika kutu na kukatika kabla mmea haujamaliza umri wake.

Nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa kiwandani hudumu zaidi. Mianzi ni rahisi kupata, lakini ikigusa udongo huoza mapema, na mwaka wa pili inaweza kuhitaji kubadilishwa.

Kwa mti usiotiwa dawa, sehemu itakayofukiwa inaweza kuunguzwa juu juu kwa moto mpaka iwe na ngozi nyeusi ya mkaa, ikipita kidogo usawa wa ardhi. Hiyo hufanywa kwa nia ya kuchelewesha kuoza. Oili chafu ya gari, ambayo wengi huipaka ili kuzuia mchwa, si ya kuweka kwenye bustani ya chakula kwa sababu huchafua udongo ambao mizizi itaufikia.

Kuchagua sehemu

Panahitajika eneo lenye urefu wa mita 8 na nusu: mita 6 za safu yenyewe, na mita 1.2 kila upande kwa ajili ya vigingi.

Pawe na jua kwa sehemu kubwa ya siku, na maji yasituame. Mizizi ya pasheni haivumilii udongo uliojaa maji.

Safu ikielekezwa kaskazini kwenda kusini, jua la asubuhi hupiga upande mmoja na la jioni upande wa pili. Kwa watu wa Pwani kuna faida nyingine. Safu iliyokingama upepo wa kusi hugeuka kuwa tanga la jahazi, na tanga bila baharia huangusha mlingoti. Safu inayofuata mkondo wa upepo husukumwa kidogo zaidi.

Hatua za kujenga

1. Pima na chimba. Weka alama tatu kwenye mstari ulionyooka, kila moja mita 3 kutoka nyingine. Chimba mashimo yenye kina cha sentimita 60. Shimo liwe jembamba kadiri inavyowezekana, maana udongo ambao haujachimbwa ndio unaoshika nguzo vizuri.

2. Simamisha nguzo. Nguzo nene zikae mwisho, nyembamba katikati. Juu ya ardhi zibaki mita 1.8. Nguzo za mwisho zilale kidogo upande wa nje, ili waya ukizivuta zisimame wima.

3. Shindilia kwa tabaka. Kosa la kawaida ni kujaza shimo lote kisha kukanyaga juu. Udongo urudishwe kidogo kidogo, kama sentimita 15 kwa mara moja, na kila tabaka lishindiliwe kwa mtaimbo kabla ya kuongeza lingine. Mawe madogo yakichanganywa husaidia. Nguzo ikisukumwa kwa mkono isitikisike.

4. Piga vigingi. Kila kigingi kiwe mita 1.2 nje ya nguzo ya mwisho, kikielekea mbali na nguzo, na kizame karibu chote.

5. Funga waya wa kuvuta. Waya uzungushwe kutoka juu ya nguzo hadi kwenye kigingi na kurudi, uwe wa mistari miwili. Ingiza kijiti kigumu katikati ya mistari hiyo na ukisokote mpaka waya ukaze, kisha kifungwe kisirudi nyuma. Siku waya ukilegea, kijiti hichohicho kitatumika kuukaza tena.

6. Vuta waya wa juu. Ufungwe kwenye nguzo moja ya mwisho, upite juu ya nguzo ya katikati, kisha uvutwe kwa plaizi na kuzungushwa mara tatu kwenye nguzo ya pili. Nguzo za mwisho ziwe na mkato mdogo wa kuzuia waya usiteleze. Kwenye nguzo ya katikati, msumari wa U usigongwe hadi mwisho. Waya uweze kupita ndani yake utakapohitaji kukazwa.

Pale ambapo ukuta au njia inazuia kuweka kigingi, nguzo ya mwisho hutegemezwa kwa mti wa mshazari upande wa ndani. Mti huo ushike nguzo kwenye urefu wa mita 1.2, na mguu wake ukanyage jiwe lililofukiwa.

Waya wa kuvuta ni hatari kwa watoto wanaokimbia, hasa jioni. Funga kitambaa cheupe au chupa tupu ya plastiki ili uonekane.

Kupanda na kuelekeza mmea

Miche miwili hupandwa katikati ya nafasi kati ya nguzo, yaani mita 1.5 kutoka kila nguzo. Shimo la sentimita 45 kila upande linatosha, likijazwa udongo wa juu uliochanganywa na ndoo moja ya samadi iliyooza vizuri.

Kwa pasheni ya manjano, miche miwili si anasa. Kwa kawaida ua lake halishiki tunda kwa chavua ya mmea huohuo. Linahitaji chavua ya mmea mwingine, na miche iliyotokana na vipandikizi vya mmea mmoja huhesabika kama mmea mmoja. Wafanyaji wakuu wa kazi hiyo ni nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao. Ya zambarau huweza kuzaa hata ikiwa peke yake.

Kwa mche uliobebeshwa, sehemu ya kiungo ibaki juu ya udongo. Mizizi ya pasheni ya manjano hutumika kubebeshea ya zambarau kwa sababu huvumilia zaidi ugonjwa wa mnyauko unaotoka ardhini. Machipukizi yote yanayotoka chini ya kiungo yaondolewe.

Kamba ya katani hufungwa kutoka waya wa juu hadi karibu na shina. Katani huoza yenyewe, na wakati huo shina linakuwa limeshafika juu. Kamba ya nailoni haiozi, na shina likinenepa linakatwa nayo. Fundo la shinani liwe legelege, lenye nafasi ya kidole.

Kuanzia hapo utaratibu ni huu:

• Achwe shina moja tu. Matawi ya pembeni yaondolewe mpaka shina lifike kwenye waya.
• Likifika, ncha ikatwe ili yatoke matawi mawili. Moja lielekezwe kulia, lingine kushoto.
• Matawi hayo yakifika mita 1.5, yaani kwenye nguzo au yanapokutana na jirani, ncha zikatwe.
• Matawi madogo yanayoning'inia yaachwe yashuke kama pazia. Hayo ndiyo yanayozaa.
• Yakikaribia ardhi, yakatwe yabaki sentimita 20 hadi 30 juu ya udongo.

Vikono vinavyofunga matawi haya pamoja vitenganishwe kwa mkono au mkasi kila baada ya wiki chache. Pazia lililo wazi hupitisha hewa na ni jepesi kuliko fungu lililosokotana.

Pasheni huzaa kwenye matawi machanga, hivyo baada ya mavuno matawi yaliyokwisha kuzaa hufupishwa ili yatoke mengine. Kupogoa huko kunapunguza pia mzigo wa kichanja. Kisu au mkasi usafishwe kabla ya kuhamia mmea wa pili, kwani virusi vya pasheni vinaweza kuhamishwa kwa utomvu.

Kukagua kichanja

Ukaguzi ufanyike angalau mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, kwa maeneo yenye misimu hiyo.

• Sukuma kila nguzo kwa mkono. Ikicheza, fukua kidogo na ushindilie upya.
• Angalia nguzo pale inapoingia ardhini. Ndipo huozea kwanza.
• Kwangua njia za udongo za mchwa.
• Bonyeza waya wa juu. Ukilegea, kaza waya wa kuvuta kwanza, kisha wa juu.

Nguzo iliyooza haihitaji kichanja kubomolewa. Nguzo mpya husimikwa kando yake, hushindiliwa, kisha hufungwa pamoja na ya zamani na kupokea waya. Hilo linawezekana wakati nguzo bado imesimama. Ikishalala na mmea juu yake, kinachobaki ni kukata matawi na kusubiri yachipue.

Mmea ukizeeka

Pasheni si mti wa kurithisha wajukuu. Kwa kawaida baada ya takriban miaka 3 uzaaji hushuka na mmea hubadilishwa. Kichanja kilichojengwa vizuri kinaweza kuwa bado kizima.

Kama mmea ulikufa kwa uzee, kichanja kinaendelea na kazi. Kama ulinyauka ghafla ukiwa na majani na matunda, huenda ni mnyauko wa ardhini. Mmea huo ung'olewe na kuchomwa, na pasheni nyingine isipandwe hapohapo. Waya na nguzo hizo zitumike kwa dodoki au maharage ya kupanda, na pasheni ihamie upande mwingine wa uwanja, kwenye kichanja kingine kitakachosimamishwa kabla ya mche kununuliwa.