Muziki wa traka: Kutoka gemu za Amiga hadi meza za mafundi wa Tukuyu

Mwaka 1986 unakumbukwa wilayani Rungwe, Mbeya, kwa jambo moja kubwa: timu yake ya Tukuyu Stars ilitwaa ubingwa wa soka wa Tanzania Bara. Oktoba ya mwaka huohuo, Ujerumani Magharibi, jarida la kompyuta liitwalo 64'er lilichapisha kurasa zilizojaa tarakimu. Msomaji alitakiwa kuziingiza moja baada ya nyingine kwenye Commodore 64 yake. Akimaliza bila kukosea, alikuwa na Soundmonitor, programu ya kutungia muziki iliyoandikwa na kijana wa miaka 18, Chris Hülsbeck.

Rungwe haikuwa na habari na jarida hilo. Tangu 1974 Serikali ilikuwa imezuia uingizaji wa kompyuta na televisheni nchini, na kwa wengi kompyuta ya nyumbani ilikuwa kitu cha kusimuliwa tu. Hata hivyo, miaka ishirini hivi baadaye, ukoo wa muziki uliotungwa kwa programu kama ile ulisikika Tukuyu mjini, mvua ikipiga bati la duka la fundi wa kompyuta. Fundi alikuwa akipiga Windows kwenye mashine ya mteja, kisha akifungua kijiprogramu kidogo cha kutoa namba za kufungulia programu za kulipia. Papo hapo spika zikaanza kulia: sauti nyembamba za kielektroniki, zenye kasi na furaha, kama za gemu. Mafundi wengi walizima sauti haraka. Wachache walijiuliza muziki ule ulitungwa na nani.

Jibu lake ni historia ya vijana waliouchukua muziki wa gemu, wakaulea nje ya viwanda, kisha wakaurudisha kwenye gemu ukiwa umekomaa.

Chombo kilichoundwa kwa ajili ya gemu

Kompyuta ya Amiga ilitoka mwaka 1985 ikiwa na chipu ya sauti iitwayo Paula, iliyoweza kupiga sauti nne kwa wakati mmoja. Tofauti na mashine nyingi za kabla yake, Paula haikutegemea milio ya kubuniwa na umeme peke yake. Ilipiga sampuli, yaani vipande vifupi vya sauti halisi vilivyorekodiwa: pigo la ngoma, uzi wa gitaa, hata mtu akipaza sauti.

Mwaka 1987 Mjerumani Karsten Obarski, aliyekuwa akitengeneza muziki wa gemu ya Amegas, aliandika programu ya kumrahisishia kazi. Aliiita Ultimate Soundtracker, na hapo ndipo familia nzima ya programu za kutungia muziki ziitwazo traka ilipoanzia. Ukurasa wake ulikuwa na safu nne zinazoshuka kwenye kioo, kila moja ikiwa na mistari 64. Anayelijua bao la Kiswahili, lenye safu nne na kete 64, angejihisi nyumbani: kazi yote ni kuamua nini kikae wapi, na zamu ya nani inafuata. Katika kila mstari mtunzi aliandika noti, namba ya ala na amri fupi ya kupandisha, kushusha au kutetemesha sauti. Kompyuta ilisoma kutoka juu kwenda chini, na wimbo ukapigwa.

Ufinyu ulizaa ujanja. Kwa kuwa njia za sauti zilikuwa nne tu, ngoma na besi zililazimika kupokezana njia moja. Kodi, yaani noti tatu zinazolia pamoja, ilirekodiwa kama sampuli moja ili isimalize njia tatu. Mwangwi ulitengenezwa kwa kurudia noti ileile kwa sauti ya chini mistari michache baadaye.

Vijana wanaichukua

Programu ya Obarski iliuzwa madukani, lakini iliyoenea ni nakala zake zilizofumuliwa na kuboreshwa na vijana. Mwaka 1989 Wasweden wawili waliojiita Mahoney na Kaktus walitoa Noisetracker, iliyokuwa na nafasi ya ala 31 badala ya 15 za awali. Mwaka uliofuata ikaja ProTracker kutoka Norway.

Vijana hao walikulia kwenye vikundi vya kuvunja kufuli za gemu. Kikundi kilichofanikiwa kiliweka mbele ya gemu ukurasa wa kujitangaza wenye jina lake, maandishi yanayopita na muziki. Kadiri siku zilivyokwenda, kurasa hizo zikapendwa kuliko gemu zenyewe. Wengine wakaacha wizi kabisa na kubaki na sanaa: maonyesho mafupi ya picha na muziki yaliyoitwa demo. Jamii yao ikajulikana kama demosini. Walikutana kwenye mashindano kama Assembly, yaliyoanza Finland mwaka 1992. Mwaka 1993 kikundi cha Future Crew kilishinda hapo kwa demo iitwayo Second Reality, yenye muziki wa Jonne Valtonen, aliyejiita Purple Motion, na Peter Hajba, aliyejiita Skaven.

Siri ya ukuaji wao ilikuwa ndani ya faili lenyewe. Wimbo wa traka hubeba noti na sampuli zake zote pamoja, na yeyote anayeupokea anaweza kuufungua, kusoma kila mstari na kuona jinsi mtunzi alivyopata besi ile au mwangwi ule. Kijana wa kijijini Finland, asiye na mwalimu wala studio, alijifunza kwa kufumua kazi za waliomtangulia. Shule ilikuwa ndani ya wimbo.

Wanarudi kwenye gemu

Kampuni za gemu zilipotafuta watu, zikawakuta vijana hawa tayari wamefuzu. Wanachama wa Sweden wa kikundi cha The Silents walianzisha Digital Illusions na kutoa Pinball Dreams mwaka 1992. Kampuni hiyo ndiyo DICE, iliyokuja kutengeneza Battlefield. Mdenmark Jesper Kyd, aliyepitia kikundi hichohicho, alitunga muziki wa Hitman na baadaye Assassin's Creed. Watu wa Future Crew walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Remedy mwaka 1995, kampuni ya Max Payne. Peter Hajba naye alitunga muziki wa Bejeweled, gemu ya kupanga vito ya mwaka 2001 ambayo wafanyakazi wengi wa ofisini duniani waliicheza bosi akigeuka.

Zipo gemu zilizobeba mafaili ya traka moja kwa moja: Star Control II ya 1992, Jazz Jackrabbit ya 1994, Unreal ya 1998 na Deus Ex ya 2000. Sababu ya kwanza ni nafasi. Wimbo wa dakika nne uliorekodiwa kwa MP3 ya kawaida hula takriban megabaiti nne, wakati wa traka unaweza kukaa kwenye kilobaiti mia chache. Sababu ya pili ni wepesi wa kugeuka. Kwa kuwa wimbo umepangwa kwa vipande, gemu inaweza kuruka kutoka kipande cha utulivu hadi cha mapambano pale adui anapotokea. Katika Deus Ex, mazungumzo, vita na kifo vilikuwa na vipande vyao ndani ya wimbo uleule. Diski kubwa zilipozoeleka, gemu kubwa zikahamia kwenye muziki uliorekodiwa studio, lakini mbinu ya kuufanya muziki ufuate mchezaji imebaki.

Njia ya kufika Rungwe

Televisheni Tanzania Bara ilianza mwaka 1994 kupitia vituo binafsi, na mashine za gemu zikafuata. Vijana waliojazana kwenye vibanda vya PlayStation kucheza mpira walisikia zaidi muziki uliorekodiwa. Traka ilipitia mlango mwingine, ule wa fundi. Vikundi vilivyovunja kufuli za programu vilirithi desturi ya miaka ya 1980 ya kuweka muziki kwenye kazi yao, na nyimbo nyingi zilizolia kwenye vijiprogramu vya namba za kufungulia zilikuwa mafaili ya traka, yenye jina la mtunzi ndani ambalo fundi hakuwa na sababu ya kuliona.

Miongoni mwa programu zilizosambaa kwa njia hiyo ni FruityLoops, siku hizi FL Studio. Iliandikwa na Didier Dambrin kwa kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji, ambayo kabla ya hapo ilikuwa ikitengeneza gemu. Toleo la awali, la mwishoni mwa miaka ya 1990, lilikuwa na hatua 16 za kuweka midundo: si traka, ila ni jirani yake wa karibu. Prodyuza wa Bongo Fleva aliyeanza na kompyuta moja chumbani alifanya kazi ileile ya Obarski ya kupanga vipande vifupi vya sauti mpaka viwe wimbo. Singeli ya Dar es Salaam, iliyofika kwa wasikilizaji wa nje kupitia albamu ya Sounds of Sisso mwaka 2017, nayo inajengwa kwa vipande vinavyorudiwa kwa kasi kubwa. Hakuna haja ya kuiita mtoto wa demosini. Uhaba unaofanana uliwafundisha watu mbinu zinazofanana.

Kuna doa lisilofichika. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, na wanamuziki wetu wanalalamika kila siku kwamba kazi zao zinaibwa, ilhali nyimbo nyingi zimetengenezwa kwa zana zilizoibwa. Demosini ilizaliwa kwenye wizi huohuo, lakini iliheshimika pale vijana wake walipoanza kutengeneza cha kwao na kukigawa bure kwa hiari. Mwaka 2020 Finland iliiingiza kwenye orodha ya kitaifa ya urithi hai, na Ujerumani ikafuata mwaka 2021.

Kwa Rungwe, kutengeneza cha kwetu na kukigawa kunawezekana bila kuiba chochote. MilkyTracker na OpenMPT hutolewa bure kihalali, na kompyuta kuukuu iliyoshindwa na programu mpya za studio inaziendesha. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kurekodi pigo la ing'oma kwa simu, akaliingiza kama sampuli, kisha akatunga muziki wa gemu ambayo mwenzake wa dawati anaiandika. Wimbo wake akiutoa ukiwa wazi, atakayeupokea Kiwira au Masoko ataufungua na kuona ulivyoundwa. Miaka ya 2000 mkoba wa fundi ulituletea sauti tupu. Mafunzo yaliyokuwa ndani ya faili bado tunaweza kuyachukua.