Mafundi wa Breki wa Ufuo wa Ziwa

Msafiri asimamaye ufuoni Takawiri, kisiwa kidogo kilicho baina ya Rusinga na Mfangano katika maji ambayo Wajaluo huyaita Nam Lolwe, huona mchanga mweupe, mitumbwi iliyovutwa nchi kavu na nyavu zilizoanikwa juani, na huenda asilikumbuke gari hata kidogo, kwa kuwa chombo cha watu wa hapa tangu zama za mababu ni chombo cha majini. Lakini mtu ye yote apendaye kuijua tarehe ya ufundi wa breki katika Nyanza ya Kusini hana budi kuanzia hapa barabara inapokoma. Kwa sababu adui mkubwa wa breki za gari kongwe si mwendo wala mteremko peke yake, bali ni maji, nayo huingia kimya kimya wakati gari limesimama likimngoja mwenyewe arudi kutoka ng'ambo.

Kabla ya tuta la Mbita kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, hata Rusinga, alikozikwa Tom Mboya mwaka 1969, ilikuwa imetengwa na bara kwa mlango wa maji. Na mtu wa visiwani aliyejaliwa gari kwa riziki ya mjini aliweza kulifikisha ufuoni tu, akaliacha kivulini, akapanda mashua kwenda kwao. Siku zikawa majuma. Ngoma za breki zikashika kutu, pistoni ndogo zikagandamana katika silinda zake, na mafuta ya breki, ambayo kwa tabia yake huvuta unyevu wa hewa, yakanywa maji pasipo kubadilika sana kwa macho. Mafuta mapya ya kawaida huchemka baada ya kuvuka nyuzi 200, lakini yaliyokwisha kunywa maji huweza kuchemka karibu na nyuzi 140. Na tofauti hiyo haimdhihirikii dereva mpaka siku ya safari ndefu.

Safari yenyewe haikuwa nyepesi. Ziwa liko kiasi cha mita 1,134 juu ya bahari, na barabara itokayo Nairobi hupanda Mau hadi kupita mita 2,500 kabla ya kuteremka tena kuelekea majini. Katika mteremko wa namna hiyo viatu vya breki husuguana na ngoma hadi chuma kinawaka joto, mafuta yenye maji yakachemka, na mvuke ukazaliwa ndani ya bomba. Mafuta hayabanwi, mvuke hubanwa; basi dereva hukanyaga, na pedali ikazama mpaka sakafuni kana kwamba haikuunganishwa na kitu. Gari likipoa, pedali hurudi juu kama kawaida, na mwenye gari akaapa mbele ya fundi kwamba breki zake ni nzima. Fundi hodari hakubishana naye, bali alimwuliza gari lililala wapi na kwa muda gani.

Elimu ya kupitisha nguvu ya mguu katika mafuta ilikuwa ngeni hata Marekani, ambako Malcolm Loughead alipata hataza yake mwaka 1917, na gari la Duesenberg likaitumia katika magurudumu yote manne mwaka 1921. Mwaka 1953 Jaguar lenye breki za diski lilishinda mashindano ya magari ya Le Mans. Na mwaka uo huo Afrika ya Mashariki ilianzisha mashindano ya Safari, ambayo matope na miteremko yake iliyapima magari kuliko wahandisi walivyotarajia. Peugeot 404, ambalo matoleo yake ya mwanzo yalikuwa na ngoma katika magurudumu yote manne, lilishinda Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Na katika 1963 na 1968 magari yaliyomaliza yalikuwa 7 tu. Kwa sifa hiyo Peugeot likawa teksi ya safari ndefu na gari la mwalimu, la karani na la mfanyabiashara, nalo 504 likafuata, hata likapata kuunganishwa nchini Kenya. Na mafundi wa jua kali wakalazimika kujifunza maradhi yake, aghalabu bila kitabu.

Elimu waliyoitunga ilikuwa na mpango. Pedali ikiwa laini kama sifongo, hewa imeingia. Ikipanda kwa kukanyagwa mara ya pili, lainingi zimelika au hazijakazwa. Ikizama taratibu chini ya mguu uliotulia, na hakuna tone linaloonekana nje, raba ya masta silinda imechoka. Gari likivuta kushoto, mjinga hufungua gurudumu la kushoto. Mjuzi hutazama kulia kwanza, kwa maana upande huo ndio ulioshindwa kushika, ama kwa silinda iliyoganda, ama kwa lainingi iliyolowa mafuta. Gurudumu likishika lisiachie, huenda paipu ya mpira imevimba ndani, ikapitisha mafuta kwenda na kuyazuia kurudi.

Lainingi mpya zilipokosekana, walikata kipande, wakakipigilia ribiti kwenye kiatu cha kale, na ngoma iliyopinda wakaipeleka kwa mwenye mashine ya kukereza. Makosa nayo yalikuwapo: aliyejaza oili ya injini badala ya mafuta ya breki alivimbisha raba zote, na dawa yake ilikuwa kuzitupa, kusafisha mabomba na kuanza upya. Yasikitisha zaidi kwamba lainingi za zama hizo, hapa na ulimwenguni kote, zilichanganywa na asbesto, na fundi aliyepuliza vumbi la ngoma kwa pumzi yake alivuta sumu asiyoijua. Tunapowasifu wazee hao, haki yatudai tuikumbuke na gharama waliyoilipa.

Mlango wa kuingilia elimu hiyo ulikuwa pedali. Mwanafunzi aliketi kitini mwa dereva, mwalimu wake akalala chini ya gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ameshika spana na chupa, akaamuru, "Kanyaga! Shikilia!" akafungua nipuli, mapovu yakatoka, akaifunga, kisha akasema, "Achia." Mtoto aliyeachia mapema alirudisha hewa ndani, na kazi ya saa nzima ikaharibika. Hivyo kabla ya kushika chombo chochote alifundishwa kwamba uhai wa watu asiowaona umo katika utulivu wa mguu wake.

Magari hayo sasa ni machache, na walioyajua wanapungua. Basi aliye na Peugeot la baba yake karibu na ziwa na abadili mafuta ya breki kila baada ya miaka miwili, gari liwe limetembea au limelala. Na arudipo kutoka Takawiri, kabla ya kuwasha injini, aikanyage pedali na kuishikilia, huku akihesabu hadi 30. Mguu ukizama, asiondoke ufuoni.