Breki ya mota: kinga ya mzigo umeme unapokatika

Mnamo Juni 7, 2016, tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru, na Kenya nzima ikakosa umeme kwa saa kadhaa. Kwa wengi huo ulikuwa usumbufu tu. Kwa mwendeshaji wa mashine ya kuinua mizigo, hali kama hiyo huzua swali zito: kilichokuwa kikining'inia hewani kinashikiliwa na nini?

Swali hilo linazihusu sana kaunti za Migori na Homa Bay. Katika machimbo ya dhahabu ya Macalder, Masara na Osiri, watu hufanya kazi ndani ya mashimo marefu na mawe hupandishwa juu kwa kamba. Awendo na Ndhiwa zina viwanda vya sukari, na kuinua mizigo mizito ni sehemu ya kazi ya kila kiwanda cha aina hiyo. Popote mota inapochukua nafasi ya mikono, breki yake ndiyo mlinzi wa aliye chini.

Mota ya servo ni mota inayoendeshwa na kidhibiti cha kielektroniki, ambacho hupima mzunguko wake kila wakati na kurekebisha nguvu yake papo hapo. Mradi umeme upo, mota hiyo yaweza kusimama tuli huku ikishikilia mzigo. Umeme ukikatika, nguvu hiyo hutoweka. Kitu kinachoanguka bila kizuizi hushuka takriban sentimita 5 katika sekunde 0.1 ya kwanza. Sekunde moja ikitimia, kimeshuka karibu mita 5.

Springi hufunga, umeme hufungua

Hapo ndipo breki ya kushikilia inapohitajika. Ndani yake mna springi zinazobana sahani ya breki, na koili ambayo ikipata umeme, aghalabu volti 24, hugeuka sumaku na kuzishinda springi hizo. Kwa hiyo umeme hautumiki kufunga breki, bali kuifungua. Madereva wa malori ya miwa wanaijua kanuni hii: upepo ukiisha katika mfumo wa breki za lori, springi hufunga magurudumu.

Breki na kidhibiti sharti vipokezane kazi kwa utaratibu. Wakati wa kuanza, kidhibiti huipa mota nguvu kwanza, kisha hufungua breki, ndipo mzigo huanza kusogea. Wakati wa kusimama, mota husimamisha mzigo, breki hufungwa, na kidhibiti husubiri kabla ya kuiondolea mota nguvu. Kusubiri huko ni lazima, kwa kuwa breki huchukua makumi ya milisekunde kufunga. Mpangilio ukikosewa, mzigo huteleza kidogo kila unaposimamishwa. Wengi hulaumu breki, ilhali kosa ni la muda uliowekwa katika kidhibiti.

Breki hii imeundwa kushikilia kilichokwisha kusimama. Inaweza kusimamisha mzigo unaokwenda wakati wa dharura, lakini kwa mara chache tu. Anayeitumia kila siku kupunguza mwendo huila sahani yake, na siku ya haja haitashika.

Nyaya nazo zina mchango wake. Waya mrefu na mwembamba hupunguza volti zinazofika kwenye koili; breki haifunguki sawasawa, hukwaruza, hupata joto na kuchakaa. Aidha, diodi inayowekwa kulinda saketi dhidi ya mshtuko wa koili huchelewesha kufunga, hivyo mafundi wengi huchagua varista panapohitajika wepesi.

Hesabu na majaribio

Mzigo wa kilo 200 kwenye pipa la winchi lenye nusu kipenyo cha sentimita 10 huhitaji nguvu ya mzunguko ya takriban nyutonimita 196. Gia ya 20 kwa 1 huipunguza hadi karibu 10 upande wa mota, kabla ya kuongeza akiba ya usalama. Lakini gia hiyo hiyo ni udhaifu: jino likivunjika, breki ya mota hubaki imeshika mhimili usiounganishwa tena na mzigo. Ndiyo maana winchi inayopandisha binadamu huhitaji breki ya pili, iliyo kwenye pipa lenyewe, na mota ya servo peke yake haitoshi.

Jaribio la mara kwa mara ni jepesi. Mzigo huinuliwa kidogo tu kutoka ardhini, mahali pasipo na mtu, kisha breki hufungwa na umeme hukatwa. Alama ya chaki huchorwa kwenye pipa na kwenye fremu. Alama hizo zikiachana, breki inateleza, na winchi hiyo haifai kutumika hadi itengenezwe.

Hata breki ikifaulu jaribio, kanuni ya machimboni haibadiliki: hakuna anayesimama chini ya mzigo unaoning'inia.