Pumzi za yoga: zilikotoka, na masharti yaliyoachwa njiani

SEHEMU YA 1: Swali lenu



Wiki hizi mbili nimeulizwa swali moja na watu wengi: "Nesi, ile pumzi ya yoga ya kwenye video, ya kupuliza tumbo haraka haraka, mjamzito anaruhusiwa?" Wengine wameshaanza. Mmoja ana mimba ya miezi saba, anabana pumzi na kuhesabu mpaka 30, maana mwalimu wa kwenye simu kasema inamwongezea mtoto oksijeni.

Jibu fupi ni hili: ukiwa mjamzito usipulize haraka haraka na usibane pumzi. Kupumua polepole bila kubana, sawa.

Jibu refu nimeligawa sehemu tano, na nimeamua kulijibu kwa historia. Ukijua pumzi hizi zilikotoka utaona kwamba waliozifundisha mwanzo walikuwa na tahadhari kuliko hawa wa kwenye simu. Waliweka masharti. Halafu zoezi likahama toka mkono huu kwenda mkono ule, zoezi likafika, masharti yakabaki njiani. Ndo maana tunaulizana maswali haya leo.

SEHEMU YA 2: Wazee wa India walisema polepole

Kwa Kisanskriti, mazoezi ya pumzi ya yoga yanaitwa pranayama. Prana ni pumzi, na pia ni uhai. Ayama ni kurefusha au kutawala. Kwa hiyo ukilichukua neno lenyewe, ni kuirefusha pumzi na kuitawala.

Katika mafundisho ya Patanjali, maandishi ya kale sana ya yoga, njia ina ngazi nane na pranayama ni ya nne. Kabla yake kuna mambo matatu: kujizuia na mabaya kama kuumiza wengine na kusema uongo, nidhamu ya mtu mwenyewe, halafu kukaa mkao uliotulia. Yaani mwanafunzi haanzi na pumzi. Anafundishwa kwanza kukaa.

Karne ya 15 mwalimu mmoja aitwaye Svatmarama aliandika kitabu kinachoitwa Hatha Yoga Pradipika. Mazoezi mengi mnayoyaona kwenye simu yamo humo, na masharti yake yamo humo humo. Mwandishi anaifananisha pumzi na simba, tembo na chui milia. Mnyama wa namna hiyo unamzoesha kidogo kidogo, ukimkurupusha anakuua. Anasema pumzi nayo ni hivyo hivyo. Anaendelea kusema kwamba pranayama ikifanywa vizuri inaondoa maradhi, ikifanywa vibaya inayaleta, na anayataja: kwikwi, pumu, kikohozi, maumivu ya kichwa, ya masikio na ya macho.

Sasa sikilizeni hili. Ile pumzi ya kupuliza tumbo haraka haraka inaitwa kapalabhati. Katika kitabu hicho imewekwa kwenye kundi la vitendo sita vya kusafisha mwili, na vitendo hivyo alipangiwa mtu aliyezidiwa na mafuta au makohozi. Wengine wakaambiwa havina haja kwao. Hiyo ni karne ya 15, jamani. Leo zoezi hilo hilo anafundishwa kila anayefungua simu: mwenye presha, mwenye mimba, mwenye mshono wa wiki tatu.

Najua wapo watakaouliza kuhusu dini. Ni kweli yoga imekulia ndani ya imani za India, na vitabu nilivyovitaja lengo lao ni la kiroho. Hilo kila mmoja aliamue na imani yake na viongozi wake. Mimi hapa naongea kama nesi, kuhusu mapafu, damu na mtoto aliye tumboni.

SEHEMU YA 3: Pumzi inavuka bahari, kisha inaingia maabara

Mwaka 1893 mtawa kutoka India, Swami Vivekananda, alihutubia mkutano mkubwa wa dini kule Chicago, Marekani. Mwaka 1896 kikatoka kitabu chake, Raja Yoga, kilichowafikishia wasomaji wa nchi za Magharibi habari za pranayama. Hata yeye aliandika mwanzoni kabisa kwamba mambo mengi ya yoga ni salama ukijifunza mbele ya mwalimu. Lakini kitabu kikishauzwa, kila mtu anasoma peke yake chumbani. Mwalimu wa kumtazama usoni hayupo.

Mwaka 1924, kule Lonavla nchini India, Swami Kuvalayananda alianzisha kituo cha Kaivalyadhama. Huyu alitaka yoga ipimwe. Alitumia picha za eksirei, akapima mabadiliko ya mgandamizo ndani ya mwili wakati wa mazoezi, na matokeo akayachapisha kwenye jarida la kituo. Ndo mwanzo wa kuiuliza pumzi maswali ya kitaalamu.

Lakini swali la yule dada, la oksijeni, msingi wake ulishawekwa Uingereza mwaka 1905. Mtaalamu John Scott Haldane na mwenzake Priestley walionyesha kwamba kinachouambia mwili upumue, kwa kawaida, ni kiwango cha kabonidayoksaidi kwenye damu. Ile hewa tunayoiita chafu ina kazi yake mwilini. Ikipanda, unapumua zaidi. Ikishuka, hamu ya kupumua inapungua.

Tulielewe hili vizuri, maana ndo moyo wa mada yote. Mtu mzima mwenye afya akiwa amekaa tu, damu yake tayari imebeba oksijeni asilimia 95 hadi 100 ya uwezo wake. Ukipuliza haraka haraka huongezi kitu cha maana. Unachofanya ni kutoa kabonidayoksaidi nyingi kuliko mwili unavyotaka. Ikishuka ghafla, mishipa ya damu ya ubongo inajibana, unapata kizunguzungu. Vidole na midomo vinakufa ganzi, vinachoma choma kama sindano, na wengine mikono inakakamaa kabisa. Kwenye video mwalimu anakwambia hiyo ni "nguvu inaingia". Sisi wodini tunajua ni kabonidayoksaidi imeshuka.

Kwa mjamzito mambo yanazidi. Homoni ya projesteroni inamfanya apumue zaidi hata akiwa amelala. Kabonidayoksaidi kwenye damu yake, ambayo kwa kawaida ni kama milimita 40 za zebaki, huwa imeshuka hadi kama 30. Ameanza akiwa chini tayari. Akiishusha zaidi kwa nguvu, damu inayokwenda kwenye mji wa mimba inaweza kupungua, na chembe za damu zinaishikilia oksijeni badala ya kuiachia. Kwa hiyo anadhani anamwongezea mtoto, kumbe anaweza kuwa anampunguzia.

SEHEMU YA 4: Pumzi inaingia leba

Hapa tunahamia Ulaya, kwa sababu huko ndiko mazoezi ya pumzi yaliingizwa kwenye mafunzo ya kujifungua kwa utaratibu wa hospitali. Hawa hawakuyatoa kwenye yoga. Lakini madarasa ya wajawazito ya siku hizi yanachanganya vyote viwili, hivyo lazima tujue upande huu pia.

Mwaka 1933 daktari Mwingereza, Grantly Dick-Read, alichapisha kitabu kuhusu uzazi wa asili. Hoja yake ilikuwa kwamba hofu inaukaza mwili, mwili uliokazwa unaumia zaidi, na maumivu yanaongeza hofu. Akawafundisha akina mama kulegeza mwili na kupumua kwa utulivu. Wakunga wengi wanaijua picha hiyo hata kama hawajawahi kusikia jina lake: mama anayeogopa, leba yake ni ngumu.

Kule Umoja wa Kisovieti madaktari waliokuwa wakifuata mafundisho ya Pavlov walianzisha njia yao ya kumwandaa mama kiakili. Mwaka 1951 daktari Mfaransa, Fernand Lamaze, alikwenda huko, akamwona mama akijifungua bila dawa za maumivu. Akarudi Paris na kuanza kufundisha. Kwenye njia yake ikawamo pumzi fupi fupi za haraka, ambazo Wafaransa waliziita pumzi ya mbwa mdogo, kwa jinsi mbwa anavyohema. Mwaka 1959 mama mmoja Mmarekani aliyejifungulia kwa Lamaze, Marjorie Karmel, alitoa kitabu cha kumshukuru, na mwaka 1960 yeye na mwalimu Elisabeth Bing wakaanzisha chama cha kueneza njia hiyo Marekani. Zile "hi-hi-huu" mnazoziona kwenye filamu zimetokea huko.

Yaliyofuata mtayatambua. Akina mama waliohema haraka kwa muda mrefu walipata kizunguzungu na ganzi za vidole, yale yale ya Sehemu ya 3. Baadaye walimu wa njia ya Lamaze wenyewe waliacha kumlazimisha kila mama ahesabu pumzi za haraka. Wakahamia kwenye kupumua polepole, kila mama kwa mwendo wake. Yaani ilibidi Ulaya na Marekani wajifunze upya, kwa miili ya akina mama, kitu ambacho mzee wa karne ya 15 alishakiandika.

Leo Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2018 kuhusu huduma wakati wa kujifungua, linapendekeza mbinu za kutuliza mwili, kupumua ikiwemo, kwa mama mwenye afya anayetaka kupunguziwa maumivu. Na wakati wa kusukuma linasema mama ahimizwe kufuata msukumo wa mwili wake mwenyewe. Ile ya kumpigia mama kelele abane pumzi mpaka uso uwe mwekundu, tunaiacha.

SEHEMU YA 5: Kufanya na kufundisha kwa uangalifu

Kwako mama unayetaka kuanza:

Kaa, mgongo uegemee, au lala ubavu wa kushoto. Mimba ikishafika miezi mitano, usilale chali kwa zoezi hili. Weka mkono mmoja tumboni. Vuta hewa kwa pua ukihesabu 3 au 4, toa taratibu ukihesabu 5 au 6. Usibane pumzi popote. Dakika tano zinatosha. Ukipata kizunguzungu, ganzi au moyo kwenda mbio, acha, pumua kawaida.

Aliyejifungua kwa upasuaji: pumzi ndefu za taratibu, umeshikilia mto juu ya mshono, sisi manesi ndo tunawafundisha wodini. Kupuliza tumbo kwa nguvu subiri mpaka daktari akuruhusu.

Na hili nawaomba mlishike kuliko yote. Kichwa kinauma sana, macho yanaona ukungu, maumivu juu ya tumbo upande wa kulia, uso na mikono kuvimba ghafla, damu au maji kutoka, mtoto kupunguza kucheza: hapo zoezi la pumzi halina kazi, nenda hospitali sasa hivi. Kifafa cha mimba hakitulizwi kwa kupumua, na kinaweza kuja hata baada ya kujifungua. Tatizo la pumzi kwa mama wa namna hii ni muda. Anatulia nusu saa, anajisikia nafuu kidogo, anaahirisha safari mpaka asubuhi.

Kwenu mnaotaka kufundisha, maana wapo wengi humu:

Mwaka 1999 Marekani kulianzishwa chama cha Yoga Alliance, na kiwango chake cha mwalimu cha saa 200 ndicho kilichosambaa duniani. Saa 200 ni mwanzo mzuri. Lakini stashahada ya uuguzi inachukua miaka mitatu, na bado tukimaliza tunawekwa chini ya wakubwa. Kwa hiyo kabla hujamfundisha mtu pumzi, muulize: una mimba? Umejifungua lini, na kwa njia gani? Una presha, ugonjwa wa moyo, pumu, kifafa? Huwa unapata hofu kali ya ghafla? Fundisha pumzi moja, mtazame uso, subiri siku kadhaa kabla ya kuongeza nyingine. Usimwambie aache dawa. Usimuahidi uponyaji.

La mwisho ni la watoto, hasa sisi tunaoishi karibu na bahari au ziwa. Watoto wanapenda kushindana nani atakaa zaidi chini ya maji, na wakubwa wao wanawafundisha kuhema haraka haraka kwanza. Mwaka 1961 mtafiti Albert Craig alieleza kwa nini watu wanazimia chini ya maji kwa mchezo huo: kabonidayoksaidi imeshuka, hamu ya kuvuta hewa inachelewa, oksijeni inaisha kabla mwili haujatoa taarifa. Mtoto anazimia bila kupiga kelele. Wakatazeni leo, kabla ya likizo.

Mwenye swali aliache hapa chini, nikitoka zamu nitajibu. Na kama unamjua mjamzito anayefuata zile video, mtumie Sehemu ya 3 na ya 5 kwanza. Hizo nyingine atasoma akipata nafasi.